Ukame wa Marekani na nyasi za mbele ya nyumba: kumwagilia au kuacha?

Tarehe 1 Aprili mwaka 2015, Gavana wa wakati huo wa jimbo la California nchini Marekani, Jerry Brown, alipanda milima ya Sierra Nevada kushuhudia upimaji wa theluji unaofanyika huko kila mwaka. Mahali hapo, panapoitwa Phillips, kwa kawaida theluji ya mwanzo wa Aprili hupita mita moja na nusu. Siku ile gavana alisimama juu ya majani makavu, na theluji haikuwapo hata ya kujaza kiganja. Hapo hapo akatangaza amri ambayo haijawahi kutolewa katika historia ya jimbo hilo: matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba zama za kuzimwagilia nyasi za nyumbani kila siku zimepita.

Wengi wetu tulilelewa katika nyumba ambazo mbele yake pana uwanja wa udongo unaofagiliwa kila asubuhi. Tulipofika huku tukakuta kuwa nyasi ndiyo sura ya nyumba. Mwenye nyasi mbichi zilizokatwa vizuri ni jirani mwema, na mwenye nyasi kavu hunong'onwa. Kwa hiyo mtu anaponunua nyumba yake ya kwanza, au anapopanga nyumba yenye uwanja mbele, hujikuta amepewa kazi ambayo hakufundishwa na mzazi wake. Kazi hiyo huwa ngumu zaidi pale ukame unapoingia na kampuni ya maji inapoleta barua yenye siku za kumwagilia, saa za kumwagilia na kiwango cha faini.

Katika makala haya tunaangalia kwa nini nyasi huwa za kwanza kukatiwa maji, masharti hayo yanafanyaje kazi, na mwenye nyumba afanye nini na maji machache anayoruhusiwa. Tutazungumzia zaidi magharibi mwa Marekani, ambako jambo hili limekuwa suala la sheria, la pesa na hata la ugomvi wa majirani. Wasomaji wetu wa Uingereza na Oman nao tutawagusia.

Maji yanakwenda wapi?

Mwaka 2005 watafiti waliotumia picha za satelaiti za shirika la anga la Marekani, NASA, walikadiria kuwa nyasi za nyumbani, za viwanja vya michezo na za bustani nchini humo zimeenea katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 160,000. Eneo hilo ni kubwa kuliko nchi nzima ya Malawi. Kwa hesabu yao, nyasi ndizo zao linalochukua ardhi kubwa zaidi miongoni mwa mazao yanayomwagiliwa Marekani, mara tatu ya mahindi yanayomwagiliwa, ingawa hakuna anayezila.

Kwa mujibu wa shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, karibu asilimia 30 ya maji ya familia ya Marekani hutumika nje ya nyumba. Katika majimbo makavu sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Shirika hilo linakadiria pia kuwa hadi nusu ya maji ya kumwagilia hupotea bure kwa kuchukuliwa na upepo, kugeuka mvuke au kutiririka barabarani kwa sababu ya vinyunyizio vilivyotegwa vibaya.

Hesabu yenyewe ni rahisi na kila mtu anaweza kuifanya. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mtu mwenye nyasi za mita za mraba 100, na huo si uwanja mkubwa, akizipa milimita 25 kwa wiki atakuwa amemwaga lita 2,500. Hizo ni ndoo 125 za lita 20. Kwa wiki 12 za joto zinafika lita 30,000, sawa na matangi 30 ya lita elfu moja moja. Na katika miji ya jangwani milimita 25 kwa wiki hazitoshi kabisa mwezi wa Julai.

Ndiyo maana uhaba unapoanza, wakuu wa maji hawaanzi na bomba la jikoni. Kwanza huangalia mbele ya nyumba.

Las Vegas, mji ulionunua nyasi

Wengi hudhani kuwa mji wa Las Vegas, wenye hoteli kubwa na chemchemi zinazorusha maji juu, ndio mfujaji mkubwa wa maji duniani. Ukweli ni kwamba mji huo umekuwa mwalimu wa miji mingine katika jambo hili.

Las Vegas iko jangwani. Mvua yake ya mwaka mzima ni milimita 100 hivi, karibu sawa na ya Muscat. Takriban asilimia 90 ya maji yake hutoka mto Colorado kupitia Ziwa Mead, lililoundwa na bwawa la Hoover katika miaka ya 1930. Mto huo uligawanywa kwa sheria zamani, wakati Las Vegas ilikuwa kijiji tu. Katika mgao wa majimbo matatu ya sehemu ya chini ya mto, California ilipata zaidi ya nusu, Arizona ikafuatia, na Nevada ikabaki na asilimia 4 tu.

Tangu mwaka 2000 mto huo umekuwa katika ukame wa muda mrefu. Mwezi Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu rasmi wa maji ya Ziwa Mead kwa mara ya kwanza. Mwezi Aprili 2022 maji yalishuka hata bomba la juu kabisa la kuchotea maji ya Las Vegas likaonekana nje, likiwa limening'inia hewani. Ilipofika Julai mwaka huo ziwa lilikuwa na karibu robo tu ya maji linayoweza kubeba, kiwango cha chini kabisa tangu lilipojazwa. Mji uliokoka kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuchimba bomba jingine chini zaidi.

Hapa pana jambo linalofaa kueleweka vizuri. Maji ya ndani ya nyumba mjini Las Vegas, yaani ya kuoga, ya jikoni na ya chooni, husafishwa na kurudishwa Ziwa Mead. Kwa kila kiasi kinachorudi, mji huruhusiwa kuchota kingine. Maji ya nyasi hayarudi. Yakishamwagwa uwanjani huchukuliwa na jua. Kwa hiyo mtu anayeoga kwa muda mrefu huongeza bili yake, lakini mtu anayenyunyizia nyasi saa nane mchana huupunguzia mji wake maji moja kwa moja.

Kwa kulijua hilo, mamlaka ya maji ya Nevada ya Kusini ilianza mwaka 1999 mpango mkubwa wa kuwalipa watu wang'oe nyasi na kupanda mimea inayostahimili jangwa. Utafiti wa mamlaka hiyo ulionyesha kuwa futi moja ya mraba ya nyasi inakunywa galoni 73 kwa mwaka, na futi moja ya mimea ya jangwani galoni 17 tu. Tofauti ni zaidi ya lita 200 kwa kila futi ya mraba, kila mwaka. Mwaka 2024 malipo kwa mwenye nyumba yalifikia dola 5 kwa futi. Hadi sasa nyasi zilizoondolewa zimepita futi za mraba milioni 200. Tangu mwaka 2002 watu wa bonde hilo wameongezeka kwa zaidi ya laki saba, na bado maji wanayotumia kutoka mtoni yamepungua.

Mwaka 2021 Nevada ilikwenda mbali zaidi. Ilipitisha sheria kwamba kuanzia mwaka 2027 maji ya mto Colorado yasitumike tena kumwagilia nyasi za pambo tu, zile za kando ya barabara na mbele ya maofisi, ambazo hazikanyagwi na yeyote ila mwenye mashine ya kuzikata. Nyumba za familia hazimo katika sheria hiyo, lakini zina masharti yake: siku maalumu za kumwagilia kila msimu, marufuku siku ya Jumapili, na marufuku kutumia vinyunyizio kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja jioni katika miezi ya joto kali. Wakaguzi hupita mitaani na kupiga picha maji yanayotiririka barabarani, na faini hupanda kosa linaporudiwa.

Kwa nini siku zinagawanywa kwa namba za nyumba?

Msomaji anayeishi Los Angeles huenda amejiuliza kwa nini nyumba za namba shufwa zina siku zao na za namba witiri siku nyingine. Sababu yake ina kisa.

Mwaka 2009 mji huo uliamuru watu wote wamwagilie siku mbili tu, Jumatatu na Alhamisi. Maji yalipungua kweli. Lakini miezi michache baadaye mabomba makuu chini ya barabara yakaanza kupasuka, moja baada ya jingine. Wataalamu walioitwa kuchunguza walieleza mwaka 2010 kuwa mji mzima ulikuwa ukifungua vinyunyizio kwa wakati mmoja, presha ya maji ikishuka na kupanda kwa ghafla, na mabomba ya chuma ya zamani hayakuvumilia. Ndipo siku zikagawanywa kwa namba za nyumba ili mzigo uenee katika wiki.

Ukame wa baadaye ulileta masharti makali zaidi. Kuanzia Juni 2022 watu wapatao milioni sita wa kusini mwa California walitakiwa kumwagilia siku moja kwa wiki, au kubaki ndani ya kiasi maalumu cha maji. Mjini Los Angeles ziliruhusiwa siku mbili, kwa dakika nane tu kila sehemu. Masharti hayo yalilegezwa baada ya mvua na theluji nyingi za majira ya baridi ya 2022 hadi 2023.

Tunayataja haya ili ieleweke kuwa masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, na hata mtaa hadi mtaa, kwa sababu kila kampuni ya maji ina chanzo chake. Kumwiga jirani hakutoshi, kwani huenda namba ya nyumba yake haiendani na yako. Zisome siku zako kwenye bili au kwenye tovuti ya kampuni inayokuletea maji, na uzisome upya kila msimu unapobadilika.

Faini mbili kwa nyasi zile zile

Mwezi Julai mwaka 2014 bodi ya maji ya California ilipitisha faini ya hadi dola 500 kwa siku kwa mtu anayefuja maji. Mwezi huo huo, wanandoa wa mji mdogo wa Glendora, waliokuwa wamepunguza kumwagilia ili kutii wito wa jimbo, walipokea barua ya mji wao ikiwaonya kuwa nyasi zao zilizokauka zaweza kuwaletea faini, nayo hadi dola 500. Wakimwagilia, faini. Wasipomwagilia, faini. Habari hiyo ilienea nchi nzima.

Baada ya hapo sheria zilirekebishwa. Mwaka 2014 California ilivikataza vyama vya wenye nyumba kumtoza faini mwanachama aliyepunguza kumwagilia wakati dharura ya ukame imetangazwa, na mwaka 2015 ikaikataza pia miji na kaunti. Hata hivyo, ulinzi huo unahusu kipindi cha dharura iliyotangazwa. Ukame ukitangazwa kwisha, chama cha wenye nyumba chaweza kuja tena na kanuni zake.

Wanaopanga wana shida yao. Mikataba mingi ya kupanga nyumba inamtaka mpangaji atunze nyasi, na baadhi ya wenye nyumba hukata pesa ya dhamana wakikuta zimekauka. Ushauri wetu ni kwamba masharti ya maji yakitangazwa, mpangaji amwandikie mwenye nyumba mapema, amwambatanishie tangazo la kampuni ya maji, amuulize kwa maandishi anataka nini kifanyike, na aitunze barua hiyo pamoja na picha za uwanja. Maneno ya mdomo hayatamsaidia siku ya kurudisha funguo.

Lipo pia suala la haki, nalo linawaudhi wengi. Mwaka 2015 waandishi wa habari wa uchunguzi waligundua kuwa nyumba moja katika mtaa wa kitajiri wa Bel Air, Los Angeles, ilitumia galoni milioni 11.8 za maji katika mwaka mmoja, yaani lita milioni 44 na ushei, huku mji mzima ukihimizwa kubana. Maji hayo yangetosha familia 90. Kwa mtu wa namna hiyo faini ya dola mia si kitu. Kwa sababu hiyo wilaya moja ya maji magharibi mwa Los Angeles, Las Virgenes, iliamua mwaka 2022 kuacha kutegemea faini peke yake. Ilifunga kizuizi kwenye mabomba ya waliozidisha, maji yakawa yanatoka kwa kuchuruzika tu. Pesa haikuweza kununua njia ya kukikwepa.

Wengine huuliza kwa nini wasumbuliwe wenye nyumba wakati kilimo ndicho kinachochukua karibu asilimia 80 ya maji yanayotumiwa na watu wa California. Swali hilo ni la haki, na mvutano wa wakulima na miji juu ya mto Colorado ni mkubwa. Lakini maji ya mkulima hayapiti katika bomba la mtaani kwako. Mji huishi kwa kile kilichomo katika bwawa lake na mgao wake, na humo ndani nyasi ndizo kitu pekee kikubwa kinachoweza kuachwa bila mtu yeyote kupata kiu.

Nyasi hulala, miti hufa

Sasa tufike katika jambo ambalo tungependa kila msomaji mwenye uwanja alishike. Nyasi kugeuka rangi ya kahawia si lazima ziwe zimekufa. Nyingi hulala. Majani ya juu hukauka, lakini shina dogo lililo usawa wa ardhi hubaki hai likisubiri maji.

Zipo aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni nyasi za nchi za baridi, zilizotoka Ulaya, ambazo hupendwa kwa kuwa hubaki kijani hata majira ya baridi. Hizi hukunywa sana wakati wa joto. Aina ya pili ni nyasi za nchi za joto, na humo sisi tuna jamaa zetu. Nyasi zinazouzwa Marekani kwa jina la Bermuda si nyingine ila ukoka, ule ule unaotambaa katika viwanja vya nyumbani na kuliwa na mbuzi. Na nyasi ziitwazo Kikuyu, ambazo watu wa California hulalamika kuwa haziondoki zikishaingia uwanjani, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lenyewe linaeleza zilikotoka. Nyasi za aina hii huhitaji karibu robo pungufu ya maji ya zile za baridi, na hulala vizuri zikikosa.

Kuzilinda nyasi zilizolala inatosha kuzipa milimita 12 hivi za maji kila baada ya wiki mbili hadi nne, si kwa ajili ya rangi bali kwa ajili ya uhai. Ukitaka kujua kama zimelala au zimekufa, shika fungu dogo ulivute. Likikataa, bado lina mizizi. Likitoka lote mkononi bila kushika ardhi, limekufa. Hata hivyo baadhi ya nyasi za baridi hazilali vizuri na huacha mapengo, na mapengo hayo yanaweza kupandwa tena majira ya mvua kwa gharama ndogo.

Mti ni habari nyingine. Mti wa miaka 30 ukifa hauwezi kurudishwa kwa mfuko wa mbegu. Kivuli chake hupunguza joto la nyumba na bili ya umeme, na kuukata ukiwa mkavu ni gharama kubwa. Tatizo ni kwamba miti mingi ya mijini huishi kwa maji ya vinyunyizio vya nyasi, na mtu anapofunga maji ya nyasi huwa ameufungia na mti pasipo kujua. Wakati wa ukame wa California wataalamu walilazimika kutoa wito watu wasiiache miti. Huko Las Vegas pia yamekuwapo malalamiko kuwa miti ilikauka baada ya nyasi zilizoizunguka kukatiwa maji.

Wasomaji wetu wa Oman watakuwa wameutambua utaratibu huu. Mifereji ya kale ya huko, aflaj, ambayo mitano yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, hugawa maji kwa zamu za saa. Kwanza hupita penye maji ya kunywa, kisha mitende, na mwisho mashamba ya mazao ya msimu. Maji yakipungua, mashamba ya msimu ndiyo huachwa, na mitende huendelea kupewa zamu yake. Vijiji vya milimani vimeishi na kanuni hiyo kwa karne nyingi: kinachoweza kupandwa tena mwakani hungoja, na kilichochukua miaka kukua hunyweshwa.

Ukiwa na siku moja au mbili kwa wiki

Kwa wanaoruhusiwa kumwagilia kidogo, tumekusanya mambo ambayo wataalamu wa bustani wanakubaliana nayo.

Kwanza, mwagilia alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Upepo huwa umetulia na maji hupata muda wa kuzama. Ukimwagilia mchana jua huyachukua, na ukimwagilia usiku majani hubaki na unyevu mrefu unaoleta magonjwa ya ukungu.

Pili, pima. Panga mikebe mitupu ya samaki sehemu mbalimbali za uwanja, fungua vinyunyizio dakika kumi, kisha pima kwa rula kina cha maji katika kila mkebe. Watu wengi hushangaa kukuta mkebe mmoja umejaa mara tatu ya mwingine. Rekebisha vichwa vya vinyunyizio kabla ya kuongeza dakika.

Tatu, gawa dakika. Udongo wa mfinyanzi haunywi haraka. Badala ya dakika tisa mfululizo, toa tatu, ngoja nusu saa, toa tatu nyingine, kisha tatu za mwisho. Maji yatashuka chini kwenye mizizi badala ya kukimbilia barabarani, ambako mkaguzi atayaona.

Nne, acha nyasi zirefuke. Nyasi za baridi zisikatwe chini ya sentimita saba wakati wa ukame, kwani majani marefu huutia kivuli udongo. Noa kisu cha mashine, acha vipande vilivyokatwa vianguke hapo hapo, na usitie mbolea. Mbolea hulazimisha nyasi zikue wakati hazina cha kunywa.

Tano, mpe mti sehemu yake kwanza. Weka mpira wa maji ukitiririka polepole, si kwenye shina bali chini ya ncha za matawi, hadi udongo ulowe kwa kina cha sentimita 30. Mti mkubwa watosha kwa mara moja au mbili kwa mwezi. Mti mchanga upewe ndoo yake kila wiki. Funika udongo kwa majani makavu au vipande vya mbao, lakini visiguse shina.

Maji ya pili

Mama zetu hawakumwaga ovyo maji ya kuoshea mchele. Yalikwenda kwenye shina la mpapai au la mchaichai. Desturi hiyo yafaa kurudishwa. Ndoo ikiwekwa bafuni wakati ukingoja maji yapate moto hujaa haraka, na maji hayo ni safi kabisa.

Maji ya mashine ya kufulia nayo yanaweza kutumika. Tangu mwaka 2009 California inaruhusu kuyapeleka bustanini bila kibali, ili mradi masharti yafuatwe: yasitunzwe zaidi ya siku moja, yasirushwe hewani kwa vinyunyizio, yasitoke nje ya uwanja wako, na yasiwe yamefulia nepi. Sabuni yenye klorini, boroni au chumvi nyingi huua mimea. Kwa hiyo maji haya hufaa zaidi kwenye mashina ya miti na vichaka kuliko kwenye nyasi.

Kuhusu maji ya mvua, kila jimbo lina sheria yake. Huko Colorado, hadi mwaka 2016 mwenye nyumba wa kawaida hakuruhusiwa kukinga hata pipa moja kutoka paa lake, kwa kuwa maji hayo yalihesabiwa kuwa ni ya walio chini ya mto. Sasa anaruhusiwa mapipa mawili yasiyozidi jumla ya galoni 110. Uliza kwanza kabla ya kununua pipa.

Walioko Uingereza

Kwa wasomaji wetu wa Uingereza, sharti kubwa ni marufuku ya mpira wa maji. Kiangazi cha 2022, na tena cha 2025, kampuni kadhaa za maji ziliitangaza, na mwenye kuivunja anaweza kutozwa hadi pauni 1,000. Ndoo na keni ya kumwagilia kwa kawaida huruhusiwa. Wengi hukasirika kwa kuwa kampuni hizo hizo hupoteza karibu moja ya tano ya maji yao katika mabomba yanayovuja, na hasira hiyo ina msingi. Lakini nyasi za Uingereza ndizo zisizohitaji huruma yoyote. Zinalala Julai, na mvua ya vuli ikirudi huwa kijani tena bila senti ya mtu. Keni yako ipe mti ulioupanda mwaka huu na mboga zako.

Kabla ya kiangazi kijacho

Anayetaka kung'oa nyasi na kulipwa aombe kwanza na akaguliwe kwanza. Mipango mingi haimlipi aliyekwisha kung'oa, wala aliyeziacha zikafa kabla ya kuomba. Asijaze uwanja wote kokoto, kwani kokoto tupu huwaka joto na kulirudisha nyumbani. Apande mimea ya mahali hapo, na auwekee mti bomba lake dogo la matone kabla ya kufunga vinyunyizio vya zamani.

Asiyetaka kung'oa afanye mambo matatu msimu huu wa baridi, wakati mafundi wana nafasi: akague vinyunyizio vyake kimoja kimoja, ajue uwanja wake una nyasi za aina gani, na ahesabu miti inayotegemea maji hayo. Barua ya kampuni ya maji ikifika, atakuwa anajua ni kipi kitangoja na ni kipi hakiwezi kungoja.